Maswali na Majibu: Roketi ya Kujiundia na Upepo Mkali

Shikamoo mwalimu. Nimeunda roketi kwa bomba la kadibodi na mapezi ya balsa. Siku tulivu inapanda wima, lakini kukiwa na upepo inalalia upande upepo unakotoka. Je, mapezi ni madogo?

Marahaba. Hapana, na tafadhali usiyaongeze. Roketi yako inafanya kama kielekezi cha upepo juu ya paa: upepo unayasukuma mapezi, pua inageuka kuukabili. Mapezi makubwa yataigeuza upesi zaidi. Pima roketi ikiwa na injini ndani. Kitovu cha uzito (pale roketi inaposawazika ukiiweka juu ya kidole) kinatakiwa kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa (pale nguvu yote ya hewa inayoipiga ubavuni inapohesabiwa kukutana) kwa umbali wa kipenyo kimoja cha bomba, au viwili. Ukizidisha sana hapo, upepo ndio utakaochagua njia.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni kasi ya roketi inapoachana na fimbo ya kurushia, ile inayoiongoza mwanzo wa safari. Tuseme upepo unavuma mita 5 kwa sekunde. Roketi ikitoka kwenye fimbo kwa mita 10 kwa sekunde, hewa inaipiga kwa pembe ya nyuzi 26 hivi. Ikitoka kwa mita 20, pembe inashuka hadi nyuzi 14. Mimi hushikilia kwamba kasi hiyo iwe angalau mara nne ya kasi ya upepo. Kwa hiyo punguza gramu zisizo na kazi (rangi nyingi na gundi iliyorundikwa vina uzito kuliko watu wanavyodhani), na uchague injini yenye msukumo mkubwa mwanzoni, si ile inayowaka polepole kwa muda mrefu.

Nikirefusha fimbo, nitapata faida gani?

Ipo, ila haiongezeki sawasawa na urefu. Roketi ya gramu 100 yenye msukumo wa nyutoni 10 itaiacha fimbo ya mita 1 ikiwa na kasi ya mita 13 kwa sekunde hivi. Fimbo ya mita 1.5 itaipa mita 16. Chukua fimbo nene zaidi pia, kwa sababu ndefu nyembamba hucheza, na roketi huondoka imeshaelekea pembeni.

Niiinamishe fimbo kuelekea upepo ili parachuti iirudishe roketi karibu?

Kwa roketi ambayo hujaizoea, isimamishe wima. Yenyewe itaukabili upepo. Ukiongeza mwinamo wako, itaruka chini chini na parachuti itafunguka ikiwa bado kwenye mwendo mkali. Huo ndio wakati kamba hukatika. Vyovyote iwavyo, usizidishe nyuzi 30 kutoka wima, wala usiielekeze waliko watu.

Kaka, nina injini za C6-3 na C6-5. Siku ya upepo nitumie ipi?

Zote zina msukumo uleule. Tarakimu ya mwisho ni sekunde za kusubiri kabla ya parachuti kusukumwa nje. Roketi iliyoinama hufika kileleni mapema, kwa hiyo mara nyingi 3 inafaa zaidi.

Parachuti imeipeleka roketi yangu mbali mno, sikuiona tena. Nifanyeje safari ijayo?

Pole sana. Piga hesabu kabla ya kurusha. Kutoka mita 150, ikishuka mita 4 kwa sekunde, itakaa hewani sekunde 37 au 38. Kwa upepo wa mita 6 kwa sekunde, hizo ni mita 225 za kupeperushwa, na huko juu upepo kwa kawaida ni mkali kuliko unaousikia usoni. Roketi nyepesi ifunge utepe badala ya parachuti. Ikishuka kwa mita 8, umbali unakuwa nusu. Nzito ipewe parachuti ndogo, au toboa tundu katikati ya ile uliyonayo. Ikitua kwa kasi hiyo pezi linaweza kuvunjika, lakini hilo hugandishwa jioni ileile. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, iache huko.

Upepo ukifika kiasi gani tuahirishe?

Kanuni za chama cha kitaifa cha warushaji roketi cha Marekani zinakataza kurusha upepo ukizidi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, umeshafika huko. Kwa roketi ya kujiundia ambayo haijawahi kuruka, mimi ningesimama kwenye nusu ya hapo. Njoo alfajiri, jua halijaipasha ardhi joto, kwani hapo upepo huwa mdogo. Mkisubiri upepo utulie, chomoa ufunguo wa usalama wa kifaa cha kuwashia injini na ukae nao mkononi.