Joka nililolitoa kwenye boksi

Mhariri salamu. Wiki hii mmeuliza, "Kitu gani ulikuwa unakipenda ukaja kukitoa mwenyewe, na ulijuaje muda wake umefika?" Najua wengi wataleta habari za sofa la mahari na jezi za zamani, na wengine watawaleta ma-ex wao kabisa, mimi langu ni kadi moja tu yenye picha ya joka.

Ngoja nieleze kwanza, maana huku kwetu Sinza ukisema mnakaa kudrafti watu wanakuletea ubao na vizibo vya soda. Nazungumzia Magic: The Gathering, mchezo wa kadi alioubuni Richard Garfield ukatoka Marekani mwaka 1993. Wenzetu wananunua pakiti zimefungwa, hujui ndani kuna nini, unafungua, unachukua kadi moja unampa jirani zilizobaki, naye anachukua yake anapitisha, mpaka ziishe. Sisi pakiti za kununua kila wikiendi hatuna hela hiyo, kwa hiyo tulitengeneza kyubu, yaani boksi lenu wenyewe la kadi mlizozichagua moja moja, kila kadi ipo mara moja tu, mnachanganya mnajigawia "pakiti" za kadi 15. Mkiwa wanane kila mtu anapata pakiti tatu, hizo ni kadi 45 kwa mtu, mara nane 360. Nusu ya boksi alikuja nalo binamu yangu kutoka Canada, nusu tumeprinti steshenari tukakata kwa mkasi tukaweka kwenye vikava na karata ya kawaida nyuma ili isilegee. Zile za kung'aa alizoleta binamu tumeshazitoa karibu zote, joto la Dar na unyevu vinazifanya zijikunje kama dagaa juani, hata ukiwa umefunika kadi unajua hii ni ipi.

Sasa mwenye boksi ni mimi, na kazi ya mwenye boksi ni kuamua nani anakaa nani anatoka, maana kila seti mpya, yaani toleo jipya la kadi, ikitoka kuna kadi unaitamani na ukiingiza moja lazima utoe moja, 360 ni 360.

Joka lenyewe linaitwa Shivan Dragon, lipo tangu seti ya kwanza kabisa. Bei yake mana sita, mana ndo nguvu ya kulipia kadi na inatoka kwenye kadi za ardhi, nguvu tano kwa tano, yaani linapiga tano na linahimili tano, linaruka, na ukimwagia mana nyekundu linaongeza mashambulizi. Ndo kadi ya kwanza kuishika maishani, nililiona nikasema hapa nimefika. Kwa miaka miwili lilikuwa kwenye boksi na hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Kilichonifungua macho ni daftari. Kila tukicheza nilianza kuandika vitu viwili tu, kadi ipi imezunguka meza mpaka ikachukuliwa ya mwisho, na kadi ipi imechukuliwa halafu mtu hakuiweka kwenye deki, yaani zile kadi anazochezea. Hiki cha pili watu wanakidharau lakini ndo chenyewe, kwa sababu deki ni kadi 40, ardhi 17 hivi, zinabaki 23, wakati umeokota 45, yaani karibu nusu ya ulichookota unakiacha pembeni. Kadi inayoachwa pembeni kila wiki imeshakuambia kila kitu. Joka langu lilikuwa na vistari kote kote. Nilidhani jamaa hawajui kucheza, nikaamua niwe nalichukua mwenyewe.

Jumamosi moja nikamshusha bwana mkubwa, nimesubiri raundi sita, ardhi zangu zote nimezilaza kumlipia, nimetulia kama mwenye turufu. Shemeji yangu, ambaye hapo ana mwezi mmoja tu tangu ajifunze, akatoa Doom Blade, mana mbili, kiumbe chochote kisicho cheusi kinakufa. Kwisha. Mimi nimelipa sita yeye kalipa mbili na bado ana mana za kuleta kitu chake. Raundi mbili mbele akashusha Mulldrifter, samaki fulani anayeruka, mana tano, nguvu mbili kwa mbili, kwa macho huwezi kumlinganisha na joka hata kidogo, ila akiingia tu mwenyewe anavuta kadi mbili. Nikamuua yule samaki kwa hasira, shemeji akacheka, "Muue tu, kadi zangu si ninazo mkononi?"

Hapo ndo nikaelewa ninavyotakiwa kusoma kadi. Nilikuwa nasoma inachofanya siku mambo yakienda vizuri. Sasa hivi swali langu la kwanza ni hili, nikilipa halafu mwenzangu akaiua hapo hapo, nimebaki na nini? Na la pili, kwenye boksi LANGU kuna vitu vingapi vya kuiua? Maana nilihesabu, nilikuwa nimejaza kadi za kuua za mana moja na mbili, Swords to Plowshares, hiyo Doom Blade na ndugu zake, kwa hiyo joka nililiua mimi mwenyewe siku ninapanga boksi. Kwenye boksi la mtu mwingine lenye silaha chache linaweza kuwa mfalme. Ndo maana orodha za watu wa nje za "kadi bora" nazisoma tu kama magazeti ya udaku.

Kitu kingine kilichonitesa ni zile kadi pacha, ambazo moja bila mwenzake haina maana. Tulikuwa na Splinter Twin na Deceiver Exarch, ukizipata zote unazalisha nakala za kiumbe bila mwisho na mchezo umeisha. Tamu kinoma, ila sisi mara nyingi tunafika sita, na sita wanatumia kadi 270, robo ya boksi inabaki pembeni. Uwezekano wa zote mbili kuwa mezani siku hiyo ni nusu na kidogo, na hapo bado hazijaenda kwa watu wawili tofauti wanaonyimana. Wiki baada ya wiki mtu anakaa na pacha mmoja kama kandambili ya kushoto. Nikazitoa zote bila majuto.

Nguvu kupita kiasi nayo tumeitoa, sio unyonge tu. Umezawa's Jitte, kisilaha cha mana mbili, aliyekifungua ndo mshindi wa jioni na watano wengine wanaanza kuangalia simu. Hiyo kadi haikuwahi kuzunguka meza hata siku moja, daftari linasema ni bora kuliko zote, na bado imetoka.

Joka ilinichukua wiki tatu tangu ile Jumamosi. Nilikuwa nalitoa narudisha, nalitoa narudisha, mpaka binamu akaniambia bro, hata wewe mwenyewe jana umelipitisha ukachukua samaki. Na kweli, nilikuwa nimelishika mkononi, nikaangalia, nikampa jirani, wala sikufikiria. Nafasi yake ameingia kiumbe mmoja wa mana nne ambaye hata picha yake sikumbuki.

Lenyewe lipo nyuma ya simu yangu, ndani ya kava la plastiki. Juzi fundi simu amelitoa ili afungue betri, akaniuliza hili dude kazi yake nini, nikamwambia linaruka.