Kabla ya kuchora mikunjo, jua vazi lilivyoshonwa

Juzi nilishusha kabatini madaftari yangu ya mwanzo ya michoro, yale niliyoyajaza wapiganaji na mabibi wa Ulaya ya Zama za Kati. Ukurasa mmoja umeandikwa "Mnormani, 1066", yaani mpiganaji wa Normandy, Ufaransa, wa mwaka ule Wanormani walipoivamia Uingereza, na chini yake yuko mtu aliyefunikwa mabamba ya chuma kuanzia shingoni hadi vidoleni. Deraya kamili ya namna hiyo ilikuja zaidi ya miaka 300 baadaye! Wanormani wa kitambaa cha Bayeux, kile cha karibu mita 70 kilichodariziwa kwa uzi wa sufu kuonyesha uvamizi huo, wamevaa deraya ya pete ndogo za chuma, chapeo yenye kinga ya pua na ngao ndefu iliyochongoka chini.

Nilikosea kwa sababu nilikuwa nanakili michoro ya wenzangu, ambao nao walinakili ya wengine. Basi wewe unayeanza, kila unapochora mtu andika pembeni umemtoa wapi na ni wa mwaka gani. Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13, aliandika maelezo kando ya michoro yake, na majani 33 ya ngozi yaliyobaki Paris yanasomeka mpaka leo. Yangu mengi hayana neno, na hata yale mazuri siwezi kuyatumia.

Ila kilichonifungua macho hasa ni mshono. Miaka mingi nilichora mikunjo kwa kukisia. Kisha nikakutana na nguo za Herjolfsnes, Greenland, ambako mwaka 1921 mwanaakiolojia wa Denmark, Poul Nørlund, alifukua makaburi ya zamani. Baridi ya udongo ilikuwa imezihifadhi nguo za sufu, na sasa ziko Copenhagen. Magauni ya huko yamepachikwa vipande vya pembetatu ili pindo lipanuke. Nikamkumbuka mjomba wangu, fundi wa kanzu, na maneno yake ya kila siku: badani (kipande cha mwili), taharizi (kipande cha ubavuni kinachopanua kanzu), kikwapa (kiraka cha kwapani). Kumbe akili ni ileile! Kifuani nguo hutulia, halafu hufunguka pale pembetatu inapoanzia.

Nilikata kipande cha marekani, nikashona gauni dogo lenye pembetatu nne, nikalivika chupa na kuliweka dirishani. Fanya hivyo kabla hujagusa daftari. Ukichora, anzia kwenye ncha ya pembetatu, kisha ushuke taratibu na penseli mpaka kwenye pindo.