Nyundo ya bunduki ya Marlin imevunjika, fundi welding anataka elfu kumi. Nimpe?

Swali limetoka kwa kijana wa Moshi: "Shikamoo fundi. Nina Marlin 336 ya .30-30, ile ya leva, kibali ninacho. Juzi nikishuka kwenye gari iliniponyoka ikapiga sakafu kwa nyuma, kile kipembe cha nyundo cha kuvutia kwa dole gumba kikakatika. Fundi wa welding hapa mtaani anasema anaichomea kwa elfu kumi, nimpe? Na nyundo yenyewe naitoaje?"

Marahaba mwanangu. Usimpe, tena nitakwambia kwa nini.

Tatizo sio kile kipembe, kipembe ni kishikio tu. Geuza nyundo utaona chini kabisa, karibu na tundu la skrubu yake, kuna mikato miwili, mmoja wa nusu koki (nyundo imevutwa nusu) na mmoja wa koki nzima (imevutwa hadi mwisho, tayari kulia), na ncha ya triga inakaa humo. Hiyo mikato ndiyo inayozuia bunduki isilie yenyewe, na chuma chake ni kigumu kwa makusudi. Sasa mtu akija na moto wake wa kuchomea geti, ule moto unatambaa, chuma kikifika nyuzi 300 hivi kinaanza kuwa na rangi ya bluu, hapo ugumu umeshaanza kuondoka, na kikiwa chekundu ndio basi tena. Kwa macho nyundo itapendeza tu, ila mkato unalika kidogo kidogo hadi siku unakoki, unaondoa mkono, inalia. Na ikianguka kwa nyuma kama yako ule mdomo wa nusu koki nao unaweza kupata ufa, ufa ambao huuoni bila lenzi.

Mimi nabadilisha nyundo nzima. Kipembe peke yake kinachomeka, kwa welding ya gesi ya agoni, na fundi anayejua kuziba moto usishuke chini, ila nikiona hata alama kwenye mkato sigusi, naitupa.

Kuitoa sasa. Kwanza toa risasi zote, na magazini ya bomba chini ya mtutu usiisahau, halafu ingiza kidole chemba, pale risasi inapokaa ikilia, uhakikishe, giza linadanganya. Fungua leva nusu, toa skrubu ya leva, vuta leva itoke, bolti, kile chuma kinachofunga chemba, itateleza kwa nyuma. Kuna kichuma kidogo cha kutupia maganda kwenye ukuta wa ndani wa boksi (mwili wa chuma wa bunduki) upande wa kushoto, hicho kitadondoka, watu wengi wanakitafuta chini ya meza hadi jioni. Halafu skrubu ya juu nyuma ya nyundo, kitako kinatoka. Bisibisi iwe inajaa kwenye mfereji wa skrubu, ukitumia ya kufungulia redio utakwangua kichwa cha skrubu na utanikumbuka.

Hapa ndio penye kazi kwako. Ukifungua leva bolti inarudi nyuma na inaikoki nyundo, na ile 336 haikubali triga kuvutwa leva ikiwa imetoka, kuna kizuizi kinachochungulia nyuma ya triga, inabidi ukibonyeze kwa kidole ndio uvute. Mtu mwenye nyundo nzima anaishika kipembe anaiteremsha taratibu, wewe kipembe huna, dole litateleza na springi ina nguvu. Kunja kitambaa kinene kiwe mbele ya nyundo ndani ya boksi, shika uso wa nyundo na mikono miwili mwenzio abonyeze triga. Peke yako usijaribu. Nyundo ikishalala, springi imelegea, sukuma bamba lililoishikilia kwa nyuma litoke kwa ubavuni, toa springi, toa skrubu ya nyundo, inatoka kwa juu. (Wenye Winchester 94, bunduki nyingine ya leva, msifuate haya, ya kwenu inafunguka tofauti.)

Nyundo mpya uagize kwa namba ya bunduki, maana 336 zimetengenezwa tangu 1948 na za zamani na za sasa haziingiliani zote. Ikishaingia jaribu bila risasi: nusu koki, vuta triga kwa nguvu, isishuke. Koki nzima, sukuma nyundo kwa dole kutoka nyuma kwenda mbele, isichomoke. Rudia mara ishirini. Ikishindwa hata mara moja usipige msasa mkato, ndio kosa linaloua watu, irudishe kwa fundi.

Kisheria sasa, maana mnapenda kusahau: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka atengenezaye silaha awe na leseni, kwa hiyo huyo wa mageti hata angekuwa bingwa haruhusiwi. Na vipuri pitia kwa muuzaji mwenye leseni. Ukija Arusha leta kitabu cha silaha na kile kipande kilichokatika usikitupe, napenda kuangalia kimevunjikaje, na bunduki usipande nayo daladala.