Maswali ya Wasomaji: Minyororo ya Matairi kwa Pikapu Inayopanda Milimani

SWALI: Ndugu mhariri, nakusalimu. Ninaishi Aurora, jimbo la Colorado, nami ni seremala ambaye majira haya ya baridi hupanda mji wa milimani wa Breckenridge mara mbili kwa wiki kwa pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Nyumbani Njombe nilikuwa utingo wa lori, na kufunga minyororo wakati wa masika ilikuwa kazi yangu, kwa hiyo sikuona shida kununua minyororo iliyotumika ya rafiki yangu ambaye pikapu yake ni ya aina moja na yangu. Nilipoifunga ilibaki imelegea, na gari lilipoanza kwenda ikawa inagonga ndani ya madigadi. Je, kosa ni la minyororo au ni langu? Na mbona gari huteleza kwa nyuma hata theluji ikiwa kidogo?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa ni la kipimo. Minyororo haichaguliwi kwa aina ya gari bali kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 265/70R17, ambapo 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Pikapu mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja zaweza kuvaa matairi ya vipimo tofauti, na kama gari lako lilipitia mikononi mwa mtu mwingine kabla yako, hata kibandiko cha mlangoni hakiaminiki, kwa sababu huenda mwenye gari wa kwanza aliweka matairi makubwa zaidi. Soma tairi lenyewe, kisha utafute namba hiyo kwenye jedwali lililo juu ya boksi la minyororo. Isipokuwamo, acha boksi hilo dukani.

Jambo la pili ni nafasi iliyopo kati ya tairi na vitu vinavyolizunguka, yaani madigadi, shokapu na bomba la breki, na hapa ndipo uzoefu wako wa Njombe unapokudanganya. Lori lina nafasi kubwa pande zote, huenda polepole, na mnyororo wake mzito huuma tope laini. Huku, chini ya theluji nyembamba kuna lami inayousaga mnyororo, na kipande kikikatika huchapa kila gurudumu linapozunguka na chaweza kuharibu bomba la breki. Kitabu cha gari lako kitakuambia kama minyororo inaruhusiwa kwa kipimo cha matairi uliyonayo, na kama inayohitajika ni ile myembamba ya daraja la S, iliyotengenezwa kwa magari yenye nafasi finyu. Ukisikia minyororo ikigonga tena, simama papo hapo mahali salama, usijaribu kufika kwanza.

Kuhusu muundo, ule wa ngazi, ambao vipande vyake hukatiza tairi kwa mstari mnyoofu, ni rahisi kuutengeneza ukiharibika, lakini hutikisa gari na hauzuii vizuri kuteleza kwa ubavu. Kwa safari zako ningechukua muundo wa almasi, ambao vipande vyake hukatiza tairi kwa mshazari na hivyo huigusa barabara muda wote.

Pikapu huteleza kwa nyuma kwa sababu injini iko mbele na bodi ya nyuma ikiwa tupu haina uzito wa kuyakandamiza magurudumu yanayosukuma. Weka mifuko michache ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma na uifunge isiteleze, ukiihesabu ndani ya uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Minyororo nayo, kwa gari lako, hufungwa nyuma. Wenye pikapu inayosukumwa na magurudumu yote manne wafuate kitabu chao.

Wakati wa kufunga, hakikisha ncha za kulabu zinatazama nje ili zisilitoboe tairi, funga upande wa ndani kwanza, kisha wa nje, na wala usipunguze upepo wa tairi ili mnyororo uingie. Ukishaenda kama meta mia moja, simama ukaze tena, kwa maana mnyororo hujipanga upya gurudumu linapozunguka, na hapo ndipo wengi, pengine hata wewe, hukosea. Usizidi kilomita 50 kwa saa, na uivue mara lami kavu inapoonekana. Fanya mazoezi nyumbani mchana, ukiwa umevaa glavu zile zile utakazotumia njiani.

Kumbuka pia kwamba barabara ya I-70, kati ya Morrison na Dotsero, inakutaka uwe na vifaa vya theluji kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, na amri ya minyororo ikitangazwa kwa magari madogo, gari linalosukumwa na magurudumu mawili kama lako halipiti bila minyororo au kifaa mbadala kilichokubaliwa. Handaki la Eisenhower, ambalo barabara hiyo hupitia, liko zaidi ya meta 3,300 juu ya usawa wa bahari. Jua laweza kuwa linawaka Aurora huku kule juu hakuonekani kitu.

SWALI: Je, soksi za kitambaa za kuvisha matairi zafaa badala ya minyororo? (Msomaji, Denver)

JIBU: Colorado inazikubali, ni nyepesi, na huvikwa upesi. Hata hivyo huchakaa haraka zikigusa lami tupu, kwa hiyo kwa anayesafiri mara moja moja zinatosha, lakini seremala wetu wa Aurora angezimaliza mapema. Chochote utakachotumia, kioshe chumvi ya barabarani na ukianike kikauke kabla ya kukirudisha mfukoni.