Kabla hujashangilia habari za tiba mpya ya homa ya ini B

Kila zinapotoka habari kwamba tiba ya homa ya ini imepatikana, simu yangu hailali. Ndugu na marafiki wanajua naishi na virusi vya homa ya ini B, na kila mmoja anataka awe wa kwanza kunipa habari njema. Nawashukuru, kisha naisoma habari yenyewe taratibu.

Naanza kwa kuangalia kama inazungumzia B au C. Mara nyingi msisimko huishia hapo hapo. Homa ya ini C inatibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa hupona kabisa. Virusi vya B vina ujanja mwingine: vikiingia kwenye seli ya ini huacha ndani ya kiini chake kiduara cha DNA, na tenofovir ninayomeza kila usiku haikigusi. Dawa inazuia virusi visizaliane, lakini kiwanda kinabaki. Kwa hiyo ukiambiwa virusi havionekani kwenye damu, bado hujapona. Usiache vidonge kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani virusi vinaweza kurudi kwa kishindo na ini likaumia vibaya.

Kisha natafuta kilichopungua ni kipi. Kwenye karatasi ya majibu kuna wingi wa virusi na kuna HBsAg, protini ya ganda la virusi. Wingi wa virusi hushuka vizuri kwa dawa tulizonazo. HBsAg ndiyo sugu. Humwagika kwenye damu kwa kiasi kikubwa mno, na seli za kinga zinazokutana nayo miaka nenda miaka rudi huchoka, zikaacha kushambulia. Ndiyo maana watafiti wengi wanajaribu kuipunguza kwanza, halafu waiamshe kinga, wengine kwa chanjo ya tiba. (Chanjo hiyo bado ni ya majaribio. Ile ya kawaida, ya kuzuia, haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa, hata achomwe mara ngapi.)

Swali linaloamua kila kitu kwangu ni hili: walipimwa lini? Majibu ya mtu ambaye bado yuko kwenye sindano hayanishtui. Chukua bepirovirsen, dawa ya sindano ambayo matokeo ya majaribio yake yalichapishwa 2022. Katika kundi lililochomwa kila wiki kwa wiki 24, takriban mtu 1 kati ya 10 alikuwa bado hana HBsAg wala DNA ya virusi wiki 24 baada ya sindano kwisha. Kwa ugonjwa huu hiyo ni hatua kubwa, lakini wapo pia wale 9. Walioanza na HBsAg ya chini ndio waliofaidika zaidi, kwa hiyo omba upimwe kiwango chako, si kuambiwa ipo au haipo tu, na utunze nakala ya majibu.

Ukialikwa kwenye majaribio, usitie saini siku hiyo hiyo. Uliza kama utaachishwa vidonge, nani atakufuatilia ukishaachishwa, nani atagharamia matibabu ukidhurika, na kama unaweza kujitoa wakati wowote.

Wakati tunasubiri, kazi ipo nyumbani. Wote wapimwe, na wasio na virusi wachanjwe. Mtoto mchanga apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa: anayeambukizwa akiwa mchanga ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki na virusi, ilhali kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Mwenzi wako akimaliza chanjo, apimwe kingamwili baada ya mwezi 1 au 2, msije mkadhani ana kinga kumbe hana.

Daktari akikupangia ultrasaundi kila baada ya miezi 6, nenda hata kama virusi havionekani, maana saratani ya ini inaweza kutokea hata hivyo. Na zile chupa za "kusafisha ini" mimi sionji hata kijiko. Baadhi ya mitishamba ni sumu kwa ini, na vipimo vya ini vikipanda, daktari atashindwa kujua alaumu virusi au chupa.