Unahama Authy? Kabla ya kuchagua programu mpya, uliza kama itakupa funguo zako

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Una akaunti kama kumi na tano kwenye Authy, programu inayotoa namba za uthibitisho unapoingia kwenye akaunti zako, ndani ya Android ya zamani, unahamia iPhone, na unataka kujua kama Google Authenticator, programu ya aina hiyohiyo, inafaa na kama unaweza kuzihamisha zote kwa mkupuo. Nianze na la pili maana ndilo litakalokula muda wako: haiwezekani. Authy haina sehemu ya kukutolea funguo zako, yaani siri zinazozaa hizo namba, usihangaike kuitafuta kwenye menyu. Zamani watu walizitoa kwa ujanja kupitia toleo la kompyuta, lakini toleo hilo lilizimwa Machi 2024 na ujanja ukaishia hapo. Utahama akaunti moja moja.

Zile namba za tarakimu 6 hazitumwi na mtu. Siku uliposkani QR, tovuti ilikukabidhi ufunguo, yaani mstari wa herufi na tarakimu. Simu inauchukua huo ufunguo, inauchanganya na saa ya wakati ule, inapata namba, na baada ya sekunde 30 inapiga hesabu upya. Tovuti nayo inapiga hesabu ileile upande wake. Utaratibu wenyewe, TOTP, ulitangazwa wazi mwaka 2011 na yeyote anaweza kuutumia, ndiyo maana programu moja inaweza kuchukua nafasi ya nyingine. Ndiyo maana pia namba zinatoka hata kama bando limekata na laini umeitoa.

Kama unayo simu ya pili karibu, jaribu hivi. Fungua ukurasa wa usalama wa akaunti yako ya Google, anza kuweka programu ya uthibitisho, halafu iskani QR ileile kwa simu zote mbili kabla hujabonyeza kuendelea. Ziweke mezani pamoja. Zitaonyesha namba zilezile, na zitabadilika kwa wakati mmoja. Chini ya hiyo QR kuna kiungo cha wasioweza kuskani. Ukikigusa unapewa herufi 32 zilizopangwa nne nne. Huo ndio ufunguo, na huo ndio mali. Anayeweza kuunakili kwenye karatasi na kuifungia karatasi hiyo pamoja na vyeti vyake hana cha kuogopa programu yoyote ikifa.

Na zinakufa kweli. Watumiaji wa iPhone watakumbuka Raivo: ilikuwa inasifiwa kila kona, ikauzwa kwa kampuni moja 2023, na mwaka uliofuata likaja toleo jipya lililowafutia watu funguo zao. Authy nayo haijafa, ila imepata misukosuko. Julai 2024 wenye nayo, Twilio, walikiri kwamba wadukuzi walifanikiwa kutambua namba za simu za watumiaji wake. Wadukuzi wenyewe walidai wana namba milioni 33. Funguo hazikuibiwa, lakini mwizi akijua namba yako na akajua unatumia Authy, anajua pia ujumbe gani wa kitapeli akutumie.

Sasa Google Authenticator. Inafaa, ila si chaguo langu la kwanza. Kuhamisha ni rahisi: inakutengenezea QR yenye akaunti kadhaa kwa pamoja, simu mpya inaiskani, kazi imeisha. Tangu Aprili 2023 inaweza pia kuhifadhi funguo kwenye akaunti yako ya Google. Hapo ndipo mimi nasita. Ilipozinduliwa, hifadhi hiyo haikuwa imefungwa kwa namna ambayo Google wenyewe wasingeweza kuifungua, na pia mtu akishaingia kwenye Gmail yako anakuta nenosiri na namba za uthibitisho vyote nyumba moja. Ukiitumia, itumie bila kuingia kwenye akaunti.

Ungebaki Android ningekwambia Aegis bila kufikiri mara mbili. Haihitaji akaunti, funguo zinakaa kwenye faili lililofungwa kwa nenosiri lako, na faili hilo unalipeleka utakako. Lakini haipo kwa iPhone. Kwa hali yako zinabaki 2FAS na Ente Auth, zote mbili programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua), zote zinafanya kazi Android na iPhone, na zote zinakuruhusu kutoka na funguo zako. Mimi nipo Ente kwa sababu inafunguka hadi kwenye kompyuta. Tahadhari moja tu: Ente ina akaunti ya barua pepe, na wengi huweka uthibitisho wa hiyo barua pepe humohumo ndani ya Ente. Simu ikipotea umejifungia nje mara mbili. Ile orodha ya maneno 24 ya kurejesha akaunti wanayokupa mwanzoni iandike kwa kalamu. Usiipige picha ukaiacha kwenye galari.

Kuna mdau kasema haya yote ni mbwembwe, SMS inatosha. SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, sikatai. Lakini hapa kwetu tapeli anairudisha laini yako kwenye kadi yake wakati wewe umelala, na ukiamka simu haina mtandao na akaunti imeshachukuliwa. Tena kuna suala la safari: binamu yangu yuko Muscat, laini yake ya nyumbani haishiki kule, na kila tovuti iliyokuwa inamtumia SMS ilimgomea mpaka tulipomwekea programu. Na ile PIN ya WhatsApp ya hatua mbili ni kitu kingine, unaichagua mwenyewe, msiichanganye na hizi.

Kwenye kuhama, anza na barua pepe, maana ndiyo inayofungua nyingine zote. Ingia kwa namba ya Authy, nenda kwenye usalama, badilisha programu ya uthibitisho, skani QR mpya kwa iPhone. Google wanatoa namba 10 za akiba. Chukua mpya, zichapishe kwenye karatasi. Kisha, hapa watu wengi hukurupuka, jaribu kuingia kutoka dirisha la faragha la kivinjari kwa namba ya programu mpya. Ikikubali ndipo uifute ile ya Authy. Namba ikikataliwa, angalia saa ya simu kabla ya kulaumu programu. Iwe inajirekebisha yenyewe kutoka mtandaoni, hasa kama mtoto amekuwa akisogeza tarehe apate zawadi za gemu.

Ukikuta akaunti ndani ya Authy inatoa namba ya tarakimu 7 badala ya 6, hiyo imefungwa kwenye mfumo wao wenyewe na haihamishiki. Itabidi uzime uthibitisho kwenye tovuti husika na kuuanza upya kwa njia nyingine wanayoikubali. Na hiyo Android usimpe dalali mpaka akaunti ya mwisho iwe imekubali kwenye iPhone, hata kama mteja amekuja na hela mkononi.