Kocha Hajajibu: Kutafuta Nafasi ya Lakrosi Chuoni Marekani

Wanafunzi wengi wa sekondari Marekani wanaotaka kucheza lakrosi chuoni, mchezo wa mpira unaobebwa na kurushwa kwa fimbo yenye wavu, huanza na vyuo vyenye majina makubwa: Syracuse, Maryland, Virginia. Anza na hesabu. Timu za wanaume za Divisheni ya I, ngazi ya juu ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo), hazifiki 100, za Divisheni ya III, ngazi ya tatu, zimepita 200. Nafasi nyingi ziko huko chini, na usidhani ni mchezo wa kitoto: nenda kaitazame Salisbury au Tufts ikicheza.

Divisheni ya III haitoi ufadhili wa michezo hata senti, wala Ivy League, vyuo vinane maarufu vya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wazazi wakisikia hivyo huvifuta kwenye orodha, na hapo ndipo wanapokosea. Hadi 2025, timu ya wanaume ya Divisheni ya I iliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 tu, ukagawanywa kwa wachezaji zaidi ya 40, na wengi walipata kipande. Chuo cha Divisheni ya III kinachotoa msaada kwa kuangalia alama na kipato cha familia kinaweza kukutoza pungufu ya hapo. Linganisha ada mtakayobaki mkilipa wenyewe.

Kabla ya kumwandikia kocha, fungua orodha ya wachezaji wake. Wewe ni kipa, naye ana makipa wawili wa mwaka wa kwanza? Huko foleni ni ndefu, tafuta kwingine. Vyuo 20 hadi 30 vinatosha kuanzia.

Barua pepe iwe fupi, na kichwa chake kimalize kazi: “2028, beki, futi 6, GPA 3.6, Columbus, Ohio”. Huo mwaka ni wa kumaliza sekondari; ndio kocha anautafuta kwanza. GPA ni wastani wa alama za darasani. Mtumie pia msaidizi wake anayeshughulikia usajili, maana mara nyingi ndiye anayesoma. Barua moja iliyonakiliwa kwa makocha 50, jina la chuo kingine likiwa limesahaulika ndani, hufutwa papo hapo.

Video isizidi dakika 4, bila muziki. Weka duara au mshale kukuonyesha kabla tukio halijaanza. Kocha hatakutafuta kati ya watu 20. Matukio matano bora yatangulie. Washambuliaji hujaza video kwa magoli tu, wakati kocha anataka kuona mkono wa kushoto, mpira ukiokotwa chini katikati ya fimbo tatu, na unafanya nini ukishaupoteza. Kipa asiishie kudaka. Aonyeshe pia pasi ya kwanza baada ya kudaka. Mechi nzima iwe tayari, kwa sababu anayekupenda ataiomba.

Sasa ule ukimya. Kanuni za NCAA zinamzuia kocha wa Divisheni ya I kuwasiliana nawe kuhusu usajili kabla ya tarehe 1 Septemba unapoingia darasa la 11. Hata hivyo andika, kwani barua anasoma. Kabla ya mashindano ya kiangazi mtumie ratiba: uwanja, saa, rangi na namba ya jezi. Namba ikibadilika mjulishe, la sivyo atakuwa anamtazama mwenzio. Mwaliko wa kambi ya kulipia usikulevye. Hutumwa kwa mamia. Dalili ya kweli ni kocha kukuomba matokeo ya darasani ili ofisi ya udahili iyapitie mapema.

Na hayo matokeo ndiyo huangusha wengi. Divisheni ya I inadai masomo ya msingi 16 yenye GPA ya 2.3, na 10 kati yake yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza. Ukigundua mwaka huo wa mwisho kwamba una manane, umechelewa. Aliyesoma sehemu ya sekondari nje ya Marekani, tuseme Kenya au Tanzania, apeleke rekodi za huko pia kwenye NCAA Eligibility Center, ofisi inayothibitisha kama mchezaji ana sifa, na zisizo za Kiingereza zitafsiriwe rasmi. Ziagize mapema, shule uliyoihama haina haraka yako.